Milimita za Kicheko

Jumanne, Machi 2

Nimeoa! Nimeliandika ili nilione limekaa kwenye karatasi. Tangu Jumamosi mimi ni mume wa mtu, na mtu mwenyewe yupo jikoni anaimba wimbo ambao hajui hata ubeti mmoja mzima. Nyumba yetu ni vyumba viwili na jiko, kwa hiyo kila ninapogeuka namkuta. Nafungua kabati, gauni lake limelikumbatia shati langu. Nilidhani watu wanaosema ndoa tamu wanatia chumvi. Kumbe walipunguza!

Karakanani wananiita Bwana Harusi. Yeye mimi nilimpa jina zamani, Kicheko, kwa sababu hucheka kabla hujamaliza kusema. Anauza kwenye duka la mikate, na wapo wateja wanaonunua mkate wasiouhitaji ili wamsikie tu akicheka. Mimi nilikuwa mmoja wao. Kwangu mkate ulikuwa unaota ukungu.

Mvua imeanza leo jioni.

Alhamisi, Machi 4

Mvua. Kicheko ameunguza sufuria. Tumekula mkate. Raha mustarehe.

Jumatatu, Machi 8

Leo mstari mmoja hautoshi.

Mke wangu ana baka ubavuni, juu kidogo ya nyonga, linaenea mpaka tumboni. Lina ukubwa wa kiganja changu, limeinuka, lina magamba, na linawasha. Kwa miaka miwili alilipaka dawa ya choa. Lilikuwa linapoa, linarudi, linapoa, linarudi. Kabla ya harusi daktari mpya wa ngozi alikata kipande kidogo akakipeleka maabara, na leo tuliitwa kusikia majibu.

Daktari ni mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Hakuzunguka.

"Si choa. Ni limfoma ya ngozi. Kuna chembe za mwili ambazo kazi yake ni ulinzi. Hizo zimejazana kwenye ngozi na zinazaliana ovyo. Ni aina ya saratani, siwezi kuwaficha. Lakini aina hii huenda polepole sana, na wengi huzeeka nayo."

Mimi nilisikia neno moja tu, yale mengine yakapita kama magari. Kicheko ndiye aliyeuliza.

"Daktari, inaambukiza? Maana huyu habanduki kwangu."

Daktari akavua miwani akacheka. "Haiambukizi. Aendelee kutobanduka."

Kisha akatueleza. Kuna mambo mawili hatuyajui: ugonjwa umezama kiasi gani kwenye ngozi, na kama umefika kwenye tezi. Ukiwa haujazama sana, na tezi zikiwa salama, utatibiwa hapa hapa kwa mwanga. Ukiwa mnene, au umeingia kwenye tezi, itabidi Kicheko apelekwe hospitali kubwa ya mbali, atundikiwe dawa za mishipa, akae huko miezi. Kipimo cha altrasaundi ndicho kitakachosema. Na akaongeza kwa upole kwamba mambo ya mtoto yasubiri kwanza, mpaka tiba iishe.

Tulirudi kwa miguu, mvua ikitunyeshea. Pale kwa fundi viatu Kicheko akasimama, akalia. Nikamkumbatia katikati ya watu, sikujali. Kisha akaona kofia yangu ilivyolowa ikaniangukia masikioni, akaanza kucheka huku machozi hayajakauka. Jamani, nani mwingine duniani anaweza kufanya vyote viwili kwa uso mmoja?

"Tusimwambie mtu mpaka tujue," akasema. "Hasa mama yako. Atalia mpaka mvua ione haya."

Nimekubali. Mama yangu nampenda, lakini sauti yake haijui kupungua.

Ijumaa, Machi 12

Leo nimeiona ngozi ya mke wangu kwa ndani! Ni wanaume wangapi wanaoweza kujisifia hivyo?

Chumba cha altrasaundi ni kidogo na kina giza kidogo. Mpimaji ni dada mmoja mchangamfu, mara moja tu akaanza kuniita shemeji. Alilizungushia baka kalamu, akalinakili kwenye plastiki angavu ili siku nyingine apime mahali pale pale. Kisha akamwaga jeli, si kidogo. Akarundika kilima.

"Yote hiyo?" Kicheko akauliza. "Unanipaka au unanipamba keki?"

"Kifaa changu lazima kielee juu ya jeli," yule dada akasema. "Nikikibonyeza, ngozi itabanwa, itaonekana nyembamba kuliko ilivyo. Nitajidanganya na kukudanganya."

Nikampenda hapo hapo, kama fundi mwenzangu. Hata mimi futi siilegezi ili mbao itoshe.

Kwenye kioo ulitokea mstari mweupe juu, kama ukingo wa meza. Huo ndio uso wa ngozi. Ngozi nzima, isiyougua, huwa na chengachenga nyeupe chini ya mstari huo. Kwa Kicheko, pale penye baka, palikuwa na ukanda mweusi katikati. "Huu weusi ndio wenyewe," akasema. Akaweka alama ndogo ya msalaba juu ya ukanda na nyingine chini yake, namba ikajiandika: milimita moja nukta nane.

Akahamia kwenye tezi za kwapani na kinenani. Tezi nzuri, anasema, huonekana kama mbegu ya haragwe, na katikati ina moyo mweupe. Zote ziko hivyo. Moja tu ya kinena imenenepa kidogo, lakini moyo wake mweupe upo.

Daktari akaamua: tuanze mwanga, halafu tupime tena mwezi ujao. Anataka ukanda ushuke chini ya milimita moja. Usiposhuka, safari.

Milimita moja! Mimi milimita moja naiondoa kwa randa nikiwa napiga mluzi.

Tulitoka nimeshika picha tuliyopewa, natabasamu kama mpumbavu, na Kicheko anajifuta jeli tumboni. Pale kwenye benchi la nje, kati ya wajawazito, alikuwa amekaa jirani yetu wa mlango wa pili, amemsindikiza binti yake. Huyu jirani habari zote za mtaa huzianzisha yeye. Alitutazama, akaitazama picha, akalitazama tumbo. Hakusema neno, na hilo ndilo lililonitisha.

Jumamosi, Machi 13

Mama ameleta trei nzima ya mayai. Hajasema kwa nini. Amenipiga bega tu, akaondoka anaimba.

Jumatano, Machi 17

Mwanga umeanza. Kwanza Kicheko anameza vidonge vinavyoifanya ngozi iwe na njaa ya mwanga. Kisha anaingia kwenye kibanda kilichosimama kama kabati la nguo, kuta zote mirija ya taa. (Bawaba za mlango wake zimelegea. Nimemwambia muuguzi nitakuja na bisibisi.) Akitoka, kutwa nzima haruhusiwi kupigwa na jua, na lazima avae miwani myeusi.

Kwa hiyo mke wangu anatembea kwenye mvua na miwani ya jua. Watoto wa mtaani wanamfuata. Yeye anawapungia mkono kama mwigizaji wa sinema. Nami nayashukuru mawingu, kila moja peke yake.

Jumatano, Machi 24

Vidonge vinamtia kichefuchefu. Leo alikimbilia nyuma ya duka mara mbili. Tajiri wake alimrudisha nyumbani akimwambia, "Pumzika, binti, sote tumepita huko."

Wapi huko? Kicheko anasema ameanza kupata wasiwasi kuhusu yale mayai.

Jumapili, Machi 28

Sasa tumeelewa.

Mama alifika asubuhi akamkuta Kicheko anafagia.

"Weka huo ufagio chini!"

"Mama, ni ufagio tu."

"Hata mimi niliudharau ufagio. Kaa. Wewe," akanigeukia, "una mikono ya kupendezesha mabega tu?"

"Mama," nikaanza, "hakuna..."

"Shh! Nimeuliza kitu? Mambo mengine hayatangazwi mapema. Mimi mtu wa siri." Mtaa wa pili walimsikia. Akamwinamia Kicheko. "Tumbo linachafuka?"

"Kidogo, Mama. Ni vile vidonge."

"Vya kuongeza damu. Ndivyo vilivyo."

Kicheko akanitazama. Mimi nikatazama dari. Dari inahitaji ubao mpya.

Mama alipoondoka tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha kicheko kikaisha, tukabaki tumekaa.

"Amefurahi mno," Kicheko akasema. "Nani atamwambia?"

"Wewe. Anakupenda."

"Mama ni wako."

"Tangu harusi ni wetu."

Akanirushia mto. Hatujaamua.

Ijumaa, Aprili 2

Fundi Mkuu karakanani ameniwekea mbao safi za kutosha kitanda kidogo chenye vizuizi. "Usinishukuru," akasema. "Uzipige msasa vizuri, ngozi ya mtoto ni laini." Nilisema asante. Ningesema nini?

Jumanne, Aprili 6

Mvua kutwa. Kicheko amenisomea gazeti la kufungia mkate kwa sauti ya mtangazaji. Nikifa leo nimefaidi.

Jumatatu, Aprili 12

Kesho tunapima. Siwezi kukaa. Moja nukta nane lazima ishuke chini ya moja, na mimi kazi yangu maishani ni kupunguza unene wa vitu.

Nimechukua dodoki jipya, gumu, lile la kusugulia miguu, nikaliloweka maji ya moto. Nikamwambia Kicheko alale ubavu. Nikasugua baka taratibu kwa mizunguko, kama ninavyomaliza mlango wa kabati. Magamba yote yametoka, ngozi imekuwa nyororo inang'aa. Yeye alikuwa anagugumia kwa raha, maana ndipo panapomwasha.

"Hapo hapo, Fundi. Ongeza."

Nikaongeza. Ukipitisha kidole hutambui kama palikuwa na kitu. Nimejisikia mume.

Jumanne, Aprili 13

Milimita mbili nukta tatu.

Mpimaji aliitaja polepole, akapima tena, ikawa ile ile. Kifaa chake kilikuwa kinaelea vizuri juu ya jeli, hakukibonyeza. Alibonyeza kitufe tu, na ndani ya ukanda mweusi nukta nyekundu na za buluu zikawaka, nyingi. "Damu inayopita," akasema. Ile tezi ya kinena nayo imezidi kunenepa. Akaenda kumwita daktari.

Wakati tunasubiri Kicheko alinishika kidole kimoja tu, hiki cha shahada, akakibana. Hakucheka. Sijawahi kukaa naye chumba kimoja bila kumsikia akicheka kwa muda wote ule, na nilijua kwa mara ya kwanza nyumba yangu ingekuwaje bila yeye.

Daktari alitazama kioo kwa muda mrefu. "Sikutegemea hivi," akasema. "Kwa mwanga ule ilipaswa kupungua. Ikiwa inanenepa na tezi inajibu hivi, naona niandike barua ya hospitali kubwa. Mngeondoka wiki ijayo."

Wiki ijayo! Nikaona sanduku lake, lile jekundu la harusi, limesimama mlangoni.

Mpimaji alikuwa anaifuta jeli. Akasita. Akawasha taa kubwa, akainama.

"Daktari, njoo uone hapa. Si kuna mikwaruzo? Inazunguka." Akamtazama Kicheko. "Umejikuna, dada?"

Kicheko akanitazama. Jamani, ile sura! Aliniachia mimi.

"Ni mimi," nikasema. "Jana nilimsugua. Kwa dodoki."

Daktari akanigeukia.

"Kwa nini, kaka?" daktari akauliza.

"Ili ipungue." Nilitaka sakafu inimeze. "Mimi ni seremala."

Mpimaji akageukia ukutani. Mabega yake yakawa yanatikisika. Daktari alijitahidi sana, nilimwona anauma mdomo, kisha akavua miwani akajifuta macho.

"Ngozi si mbao, kaka yangu. Ukiisugua hivyo inakasirika. Inavimba, damu inajaa, hata tezi ya karibu inavimba ikija kusaidia. Leo sijui napima ugonjwa au napima mapenzi yako."

Hapo ndipo Kicheko akacheka. Alicheka mpaka jeli ikatiririka kwenye kitanda. Lakini alikuwa bado amekibana kidole changu.

Barua haikuandikwa, lakini haikufutwa pia. Daktari amesema mwanga uendelee, na baada ya wiki tatu tupime upya. Ukanda ukiwa bado juu, au tezi haijarudi, basi ni kweli na safari ni kweli. Hadi hapo baka lisiguswe, lisikunwe, lisisuguliwe. Alisema akinitazama mimi.

Jumatano, Aprili 14

Nimelichoma dodoki.

Jumapili, Aprili 18

Mama amekuja na furaha hadi nyusi. Amekipaka rangi chumba chake cha nyuma, ya maziwa, akairudia mara mbili, ili Kicheko akakae kwake "siku zikifika". Bado alikuwa na rangi kwenye nywele.

Kicheko akaweka kikombe chini. "Mama, hakuna mtoto."

Akamweleza yote, kwa sauti yake ya kawaida, tangu choa ambayo si choa mpaka mwanga, mpaka milimita. Mimi nilikuwa nangoja kelele. Nilikuwa nimeshafunga dirisha.

Mama hakupiga kelele. Alikaa kimya kabisa, mikono magotini. Kisha akasema, "Nionyeshe."

Kicheko akapandisha blauzi. Mama akasogea karibu sana, hakugusa.

"Ni hapa tu?"

"Hapa tu, Mama."

"Panauma?"

"Panawasha."

Akanigeukia. "Na wewe ukapiga msasa?"

"Dodoki, Mama."

"Mjinga." Lakini alilitamka kama mtu anayemwita mwanawe jina la utotoni. Akakivuta kichwa cha Kicheko mapajani mwake. "Yaani mmelia wawili, tangu Machi, mimi nipo, nabeba mayai? Mimi kazi yangu nini?"

"Tuliona umefurahi sana kupata mjukuu," Kicheko akasema, na sauti yake ikakatika.

"Mjukuu bado hajaniahidi kitu. Wewe ulikuja kwangu kwa miguu yako ukaniita Mama." Akamfuta uso kwa kiganja. "Chumba kimeshapakwa. Ukikichoka hiki kibanda cha mwanangu, uje ulale huko kwa sababu unataka tu."

Miaka yote hii nimemjua mwanamke huyu kwa sauti yake. Leo nimemwona alivyo akinyamaza, na nimeona aibu kwamba nilimwogopa.

Jumapili, Aprili 25

Mvua ya mawe. Mama amekaa nasi kutwa. Amepewa kazi ya kunilinda nisiliguse baka, na anaifanya kwa bidii. Hata nikimpitishia Kicheko chumvi anakohoa.

Jumatatu, Mei 3

Kesho. Kicheko anasema kama ni safari basi ataondoka na miwani yake myeusi, huko wadhani ni mtu mkubwa. Ametania kutwa nzima. Lakini amekunja nguo zake tano akaziweka kando, kisha akazirudisha kabatini, kisha akazitoa tena. Nimezirudisha mimi. Hajazitoa.

Eti nimemwoa kwa sababu ya kicheko chake. Si kweli. Nikimwona anaogopa nampenda zaidi, na sijui upendo huu wote utakaa wapi kwenye vyumba viwili.

Jumanne, Mei 4

Tuliingia watatu. Mpimaji alisema chumba ni kidogo, Mama akasema atajibana, na akajibana kweli, mgongo ukutani, mkoba kifuani.

Plastiki ikawekwa juu ya alama. Jeli ikarundikwa.

"Usimbonyeze mwanangu," Mama akasema.

"Sibonyezi, mama. Kinaelea, ona."

"Nimeona. Endelea."

Taa ikazimwa. Ukatokea ule mstari mweupe. Chini yake nikautafuta ukanda mweusi, nikausaka kama mtu aliyedondosha sindano. Ulikuwepo, lakini umekonda na umekatikakatika, na zile chengachenga nyeupe za ngozi nzima zilikuwa zinachungulia katikati yake. Mpimaji aliweka msalaba wa juu. Akaweka wa chini.

"Sifuri nukta tisa," akasema.

"Hiyo ni nzuri au mbaya?" Mama akauliza.

Mpimaji alisogea kidogo akapima pembeni: sifuri nukta nane. Kwenye ncha nyingine: sifuri nukta tisa tena. Akawasha kile kitufe cha damu, na nukta zilizowaka zilikuwa chache, zimetulia. Kisha akashuka kwenye kinena, akatafuta, akatabasamu kabla hajatuonyesha. Ile tezi imekonda. Imekuwa mbegu ya haragwe, na moyo wake mweupe katikati, safi kabisa.

Daktari alikuja, akavaa miwani, akapitia picha moja moja. Nilihesabu nyufa za ukuta.

"Mwanga unafika," akasema. "Hatujamaliza. Mtakuwa wageni wangu kwa muda mrefu, na tutapima tena na tena. Lakini unafika. Hakuna safari."

Hakuna safari! Nilitaka kumbusu mke wangu lakini Mama alikuwa ameshamkumbatia, na jeli yote, na gauni lake la kutokea, na mkoba wake. Wakawa wanateleza. Mpimaji akawatupia taulo. Kicheko alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, ule uso wake, na Mama alimwiga bila kujua.

Mama ndiye aliyetoka na picha mkononi, ameiinua juu. Na pale kwenye benchi, kama kawaida yake, jirani yetu wa mlango wa pili. Akasimama haraka, akaweka mkono kifuani.

"Haya, bibi mtarajiwa, tuambieni sasa! Wa kike au wa kiume?"

"Ni ngozi!" Mama akasema kwa sauti yake yote, na sikuwahi kuipenda sauti ile kama leo. "Ngozi ya mwanangu huyu! Ilikuwa inaumwa. Sasa ona, haifiki hata milimita moja!"

Benchi zima likageuka. Jirani aliitazama picha, akamtazama Kicheko aliyelowa jeli, akanitazama mimi. Nilimwona anatafuta la kusema, pole au nini, na kwa mara ya kwanza nikamwona si mbeya, ni mama mtu mzima aliyetaka tu kufurahi nasi.

Mwishowe akanyoosha mkono.

"Basi hongereni," akasema.

Tukaipokea hongera hiyo, wote watatu.